Betri Yako Inakufa Ubao

Julai ikifika Nairobi, kuna sauti moja utaskia kwa parking za ploti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi: tik-tik-tik-tik. Msee ameingia kwa ndai amevaa jaketi mbili, amezungusha ufunguo, taa za dashibodi zimewaka alafu zikafifia, injini imemruka. Majirani wanachungulia kwa dirisha. Soja anaitwa asukume, anasukuma na roho safi, mpaka mtu anakumbuka hiyo Vitz ni otomatiki na haiwezi washwa na kusukumwa hata ukiifikisha Thika. Alafu lawama yote inaendea baridi.

Baridi imesingiziwa, maze. Ni ukweli asubuhi ya baridi nguvu ya betri inashuka kiasi na oili inakuwa nzito kuzungusha. Lakini hii baridi yetu haiwezi dedisha betri yenye iko fiti. Inaanika tu yenye ilishachapa kitambo, pengine tangu lile jua la Februari, na wewe ukawa unajiambia iko poa juu kila asubuhi ilikuwa inawaka. Joto ndio noma. Mafundi wa mambo ya kemia wako na hesabu yao ya haraka: joto ikipanda nyuzi 10, maisha ya betri inapungua karibu nusu. Ndio maana betri za same, zimetoka kiwanda moja siku moja, ya Limuru inazeeka pole pole na ya Mombasa inakwisha mapema.

Kwa hivyo ukiniuliza betri inakaa miaka ngapi, Nairobi nitakuambia tatu hadi tano. Huko pwani ama Garissa, ikifika miwili na kitu si vibaya. Hiyo ni ya msee anaiangalia. Sasa mbona jirani yako ako na betri ya miaka mitano na yako imededi hata haijafunga mbili, na nyote mko na Fielder, na nyote mnalala ploti moja?

Juu yako imekuwa ikilala njaa.

Watu wengi wanafikiria betri inachoka na kilomita, vile tairi inaisha. Zii. Betri inachoka ikikaa bila kujazwa. Ndani ya hiyo boksi kuna vyumba sita, kila moja inatoa volti 2 na kitu, ukijumlisha unapata 12.6 hivi. Ndani ya kila chumba kuna sahani za risasi zimelala kwa asidi ya salfa. Ni teknolojia ya kitambo sana: Mfaransa anaitwa Gaston Planté aliitengeneza 1859, miaka 40 kabla reli ifike Nairobi, na mpaka leo hakuna mtu amepata kitu ya kuitoa kwa bei hiyo. Ukitumia stima, zile sahani zinavaa kamchanga fulani keupe, salfeti ya risasi. Ukichaji, kanayeyuka kanarudi kwa asidi. Hapo hakuna shida. Shida ni ukiiacha nusu chaji siku nyingi: kale kamchanga kanaganda, kanakuwa ngumu, na hiyo sehemu ya sahani haifanyi kazi tena. Kesho yake betri ni ndogo kuliko jana. Kwa nje inakaa vile vile, stika inang'aa, lakini tumbo imekuwa ndogo.

Na maisha ya Nairobi imepangwa kuifanya ilale ubao. Angalia siku ya msee wa kawaida. Ametoka Donholm, anaenda tao. Kuwasha tu hakumalizi betri. Stata inavuta ampea mia na kitu, lakini kwa sekunde moja ama mbili, hiyo ni kitu kidogo. Mambo inaanza Jogoo Road. Jam imesimama. Injini iko silensa, alteneta inazunguka pole pole, inatoa stima kidogo. Wakati huo huo AC iko juu, taa ziko on, waipa zinapangusa, simu mbili zinachaji, redio inapiga gengetone. Saa zingine kile alteneta inatoa na kile ndai inakula ni sare. Unafika kazi umetumia saa moja na nusu barabarani na betri haijaongezewa kitu ya maana. Jioni, the same. Wikendi ndai inasimama juu uko sherehe na umebebwa na teksi.

Alafu kuna wale wageni hulala ndani ya ndai: alamu ya kuongezewa, traka ya insurance ama ya sako, dashikamu yenye inarekodi parking usiku kucha. Hakuna ndai haikulangi stima kidogo ikiwa imezimwa, na ikiwa chini ya miliampea 50 hiyo ni sawa. Lakini piga hesabu. Miliampea 50 kwa masaa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ndogo ya Vitz iko na ampea-saa 35 hivi. Wiki mbili za Disemba ukiwa ushago unakula mbuzi, umeacha ndai keja, karibu nusu ya betri imeenda bila mtu kuigusa. Ongeza alamu imefungwa vibaya, yenye inavuta mara tatu ya hiyo, urudi Januari upate hata rimoti haifungui mlango. Kama unahepa wiki kadhaa, toa waya ya negativu. Ni spana ya 10 na dakika moja. Redio itasahau stesheni zako, lakini hizo utatafuta tena.

Sasa wacha niwaguse watu wa nganya, juu hapo ndio betri huteswa kabisa.

Ukiona mathree imejipanga steji, injini imezimwa kuokoa mafuta, skrini zinawaka, taa za ndani zinabadilisha rangi, besi inatetemesha kioo mpaka mathe wa ndizi anashika meza yake, jua kuna betri mahali inalia. Injini ikiwa imezimwa, hiyo stima yote inatoka kwa betri peke yake. Amplifaya za nguvu zinaweza vuta ampea 50 bila aibu. Saa moja ya hivyo na umemaliza kile betri nzima ya saluni ingekupa. Betri ya kustati haikuundwa ya hiyo kazi. Sahani zake ni nyembamba na nyingi ndio itoe nguvu nyingi kwa sekunde mbili, alafu ijazwe haraka. Ukiivuta mpaka chini kabisa mara kadhaa, imechapa, na haijalishi ulinunua juzi. Kuna betri za sahani nene, zile za sola, zenye zinavumilia kutolewa stima pole pole. Lakini hizo nazo si za stata. (Na huu upuzi wa kubeba betri ya ndai ushago ikawashe taa za sola, tuwachane nao. Itakaa miezi, alafu utasema sola ni feki.)

Lakini kuna kitu ya nganya mbaya kuliko muziki yenyewe, na ni wasee wachache hubonga juu yake. Basi kama Isuzu NQR inatumia volti 24: betri mbili za 12 zimefungwa moja nyuma ya ingine. Redio, skrini na amplifaya mingi ni za volti 12. Sasa fundi wa muziki mwenye ako haraka anafanya nini? Anavuta waya kutoka kwa betri moja tu, anapata 12 yake, besi inapiga, mwenye nganya anafurahi, doh inatoka. Wiki za kwanza hakuna kitu utaona.

Alteneta ya hiyo basi haijui betri ni mbili. Inaona 24, inachaji hizo mbili kwa pamoja mpaka karibu volti 28. Betri yenye inalisha muziki iko chini, inataka zaidi, haipati. Ile ingine imeshiba lakini bado inamiminiwa, inachemka, maji inapotea. Moja inakufa ubao, ya pili inakufa juu ya kulishwa kupita kiasi. Alafu dere anaenda kununua betri moja, ile imeonekana mbovu, anaiweka kando ya ile imechemka, na baada ya muda mfupi wamerudi dukani kulaumu kampuni. Nimeskia hizo lawama kwa madere wengi sana, na ukiuliza tu waya ya muziki imetoka wapi, wananyamaza.

Dawa iko: konveta ya kushusha 24 mpaka 12 yenye inatosha ampea za huo muziki, ama ikwalaiza ya kusawazisha hizo betri mbili. Si bei ya kuchapa msee kuliko betri mbili kila mwaka. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili pamoja, za aina moja na umri moja. Mwenye gari ataguna, lakini hesabu ni yake.

Kwetu sisi wa vindai vidogo, kazi ni rahisi, na sijui mbona hatuifanyi. Kitu ya kwanza nunua ni ile mita ndogo ya kuchomeka kwa shimo la kuwashia sigara, ama maltimita ya Luthuli Avenue. Hakuna mtu atakukula tena ukiwa nayo. Acha ndai ilale, asubuhi kabla hujawasha, pima. 12.6 ni imeshiba. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na hapo kale kamchanga kameanza kuganda. 12.0 imebaki na robo hivi, betri inakuomba msaada. Usipime punde tu ukizima injini juu utaona namba tamu za uongo. Ngoja masaa kadhaa. Alafu washa, pima tena. Injini ikiwa hai unataka kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa hapo chini, sema 12.5 na inashuka, betri haina makosa. Ni alteneta ama belti yake. Wasee wangapi wamenunua betri mpya, ikawapeleka siku tatu, ikazima, wakanunua ingine? Alteneta imekaa tu hapo inawacheka.

Wakati wa kustati nayo, mwambie beshte aangalie mita. Ikianguka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, imechapa ndani. Anza kutafuta ganji polepole, usingoje Julai.

Na ukishaipata imelala, usidhani mzunguko wa kwenda Naivas na kurudi utaijaza. Alteneta ni ya kudumisha betri yenye iko karibu kujaa, si ya kufufua maiti. Itoe, ipeleke kwa fundi wa betri, ilale kwa chaja usiku mzima, pole pole. Ama ununue chaja yako ya nyumba, ile ya akili yenye inajizima. Kwa msee anaendesha ndai wikendi pekee, hiyo chaja usiku moja kwa mwezi inaweza kuongezea betri maisha kuliko dawa yoyote ya chupa utauziwa kwa taa za barabarani.

Maji. Kama betri yako iko na vifuniko sita juu, fungua kila mwezi ama mbili, na wakati wa jua kali fungua mapema. Sahani zikionekana nje ya maji, hiyo sehemu imeshaanza kuharibika. Weka maji ya betri, ile safi ya distilled, usiweke ya mfereji, na watu wa Syokimau na Kitengela wenye mnatumia visima vya chumvi nyinyi ndio hata msijaribu. Na fundi akikuja na asidi anataka kuongeza, mshike mkono. Asidi haipotei kwa mvuke. Kinachopotea ni maji. Ukiongeza asidi unachoma sahani. Zile betri zimefungwa kabisa, zisizo na vifuniko, hazitaki kufunguliwa, hata kama kijana wa kaowosh ameapa yeye ni fundi.

Ukiona unga wa kijani ama mweupe kwa teminali, hiyo inazuia stima kupita, na saa zingine betri iko poa kabisa, shida ni huo uchafu tu. Toa negativu kwanza, alafu positivu. Chukua magadi, ile ya kupikia githeri, koroga na maji ya moto, mwagia, itatoa povu, sugua na brashi ya meno ya zamani. Suuza, kausha, funga positivu kwanza safari hii, kaza, paka vaselini. Magadi isiingie ndani ya vyumba. Na angalia kile chuma cha kushika betri isicheze. Nusu ya ndai hapa zimefungwa betri na blada, na barabara za kwetu unazijua. Betri ikirukaruka kila shimo, sahani zinavunjika ndani, na hapo hakuna chaja itasaidia.

Kujampisha nayo kuna njia yake, na watu huifanya vile wanataka juu mara nyingi haileti noma. Lakini betri inachaji inatoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja hapo karibu inaweza ipasua ikurushie asidi kwa uso. Kwa hivyo: nyekundu kwa positivu ya betri mfu, mwisho wake kwa positivu ya betri hai. Nyeusi kwa negativu ya betri hai, na ule mwisho wa mwisho kwa chuma tupu ya injini ya ndai imelala, mbali na betri. Zima sigara, buda. Na dere wa basi la volti 24 akijitolea kukusaidia na roho safi, mshukuru na umwambie aendelee na squad. Hiyo stima ni mara mbili ya yako, itachoma kompyuta ya ndai.

Wenye Aqua na Prius, mko na kizungumkuti chenu. Ile betri kubwa ya haibridi siyo inaamsha ndai. Kuna kabetri kadogo ka volti 12 nyuma, kwa Aqua kako chini ya kiti cha nyuma, kwa Prius nyingi kako huko buti. Kazi yake ni kuamsha kompyuta tu. Kakifa, ndai yote imekufa, hata kama ile kubwa imejaa. Hapo ndio madere wa teksi wanaambiwa betri ya haibridi imeisha, leta laki na kitu, na kumbe ni kabetri ka elfu kadhaa. Pima kwanza. Na ukikaa kwa ndai unangoja mteja, hakikisha neno READY limewaka kwa dashibodi. Bila hiyo, unasikiza redio na unakula kabetri. Ukikabadilisha, chukua ya aina yake yenye iko na kamfereji ka kutoa gesi nje, juu iko ndani na abiria.

Hata Demio za kuzima injini zenyewe kwa jam zinataka betri yao. Ya Mazda hiyo imeandikwa Q-85, na bei yake ni ya juu kuliko ya kawaida. Msee ataweka ya kawaida juu ya doh, itafanya kazi, alafu itakufa haraka juu inawasha injini mara kumi kabla ufike kazi.

Siku ya kununua sasa. Soma namba ya ile ya zamani. Ndai za Japani ziko na kitu kama 55B24L: 55 ni nguvu, B ni upana na urefu wake wa kwenda juu, 24 ni urefu wa sentimita, L ni upande teminali zimekaa. Ukichukua R, waya hazifiki, na kuna fundi atazivuta mpaka zifike, usimkubalie. Angalia tarehe ya kutengenezwa. Betri imekaa kwa shelfu mwaka nzima imekuwa ikijimaliza yenyewe hapo hapo. Ni mpya kwa karatasi pekee. Waambie waipime mbele yako kabla ulipe, na waranti iandikwe kwa risiti na tarehe.

Na ile kuukuu usiitupe, usiivunje mtaani utoe risasi, usimwage asidi kwa mtaro. Owino Uhuru kule Mombasa wanajua hii story kuliko mtu yeyote. Kuanzia 2007 kulikuwa na kiwanda hapo cha kuyeyusha betri za zamani, katikati ya nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi hapo. Mtoi wake akapatikana na risasi kwa damu. Akaanza kelele, akakamatwa, hakunyamaza, kiwanda kikafungwa 2014, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Korti ikasema 2020 hao watu walipwe bilioni 1.3, kesi ikazunguka makorti, na Disemba 2024 Korti ya Juu ikarudisha hiyo bilioni 1.3. Watoto walikuwa wameshaumwa tayari.

Duka ya maana itachukua ile ya zamani na ikukatie kitu kwa bei ya mpya. Uliza wanaipeleka wapi. Kama muuzaji hana jibu, lakini jamaa wa skrapu ako hapo nje na mzani, beba betri yako uende duka ingine.